Ombi Liko Mezani

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tunaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Mama mdogo anakusalimu. Macho yanamsumbua kidogo ndiyo maana hajakujibu, lakini cherehani yake bado inakimbia kama kawaida.

Nakuandikia kwa jambo dogo, la kielimu tu. Naomba unieleze kitenzi kimoja cha Kiingereza: "table". Si ile meza ya kulia chakula, hiyo naijua tangu shule ya msingi. Nataka kitenzi. Mtu akikuambia u-"table" jambo fulani, anataka ulifanye nini?

Afadhali nikueleze lilivyotokea. Unajua nimepata ukarani katika kiwanda cha kufulia, hiki kinachofua shuka za mahoteli na hospitali. Chumba cha pasi kina mashine kubwa ya rola mbili za moto. Wanawake wanaingiza shuka mbichi upande mmoja, inatoka kavu upande wa pili. Zamani kulikuwa na kinga mbele ya rola ili vidole visifuate shuka, na kamba juu ya kuvuta ili mashine isimame. Kinga imeng'oka. Kamba ipo, lakini haisimamishi chochote. Kina mama wa pasi wakaandika ombi vitengenezwe. Anayewasemea wanamwita Spika, maana sauti yake inapita ngurumo za mashine bila kipaza sauti. Waliniletea mimi, nami nikalipeleka kwa mkurugenzi.

Liliporudi lilikuwa na wino mwekundu juu: "Table this. Inform them."

Nikaandika kwenye ubao wa matangazo kwamba mkurugenzi ameagiza ombi la wapiga pasi liwekwe mezani. Kina mama walipiga vigelegele. Spika akanishika bega, akaniambia, "Mwanangu, leo umetufaa." Ila mhasibu alipopita na kusoma, alicheka kwa pua. Akaenda zake. Kicheko hicho hakijanitoka.

Kumuuliza mkurugenzi siwezi. Bado niko kwenye majaribio, na kumuuliza bosi maana ya neno lake ni sawa na kumuuliza baba mkwe umri wake. Ningekupigia simu, ila simu ya ofisi imefungwa kufuli na ufunguo anao mhasibu huyohuyo. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Karani


12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kurasa mbili kuuliza neno moja! Wewe hata ukitumwa chumvi utaanza na habari za bahari.

Haya, kaa chini, mwalimu ameingia darasani. Warumi walikuwa na neno "tabula", yaani ubao, kipande cha mti kilichochongwa bapa. Likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza. Kwanza ubao mtupu, baadaye ubao wenye miguu, ndiyo meza. Sasa Mwingereza hawezi kuona jina limetulia bila kulifanya kitenzi. Akiona mkono, "hand", anapitisha kitu. Akiona kitabu, "book", anakata tiketi. Alipoona meza, akaanza kuweka mambo juu yake. Sisi tukijaribu hivyo na meza yetu, ambayo nayo tuliipata kwa Wareno, tutajikuta tunameza.

Matumizi: kitenzi hiki hubeba yambwa moja kwa moja, bila kihusishi katikati. You table a report, you table a motion, you table a request. Wakati uliopita ni "tabled". Mfano: "The workers' request was tabled on Monday." Ombi la wafanyakazi liliwasilishwa Jumatatu. Ni kama wasemavyo bungeni, hati zimewekwa mezani. Maana yake jambo limefunguliwa, kila mtu alione, lizungumzwe.

Kwa hiyo hukukosea. Ulitafsiri vizuri kuliko wengi wa wanafunzi wangu. Mhasibu wako anacheka kwa pua kwa sababu ana mafua. Lala usingizi.

Mwambie Mama mdogo nasubiri mwandiko wake. Macho ya kutunga uzi kwenye sindano hayashindwi na barua.

Dada yako,
Mwalimu


20 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na asante sana. Hujui ulivyonitua mzigo.

Barua yako niliipeleka chumba cha pasi wakati wa mapumziko, nikawasomea ile sehemu ya Warumi na ya bungeni. Walisikiliza wametulia, wengine wamekalia vikapu vya shuka. Spika akasema, "Huyo dada yako angekuja amfundishe na mkurugenzi, labda angepunguza wino mwekundu." Wakacheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Halafu nikajua jambo ambalo sikulijua. Walikuwa wamekubaliana kwamba Jumatatu hawatagusa mashine mpaka kinga irudi. Sasa wameahirisha. Spika alisema mtu hagombei chakula kikiwa kinapakuliwa. Wataendelea na kazi, wasubiri kikao cha wakuu wa idara Alhamisi ijayo. Mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu za kikao hicho. Nimeshapiga chapa nakala za ombi lao, safi, bila kosa hata moja.

Mama mdogo hajambo.

Mdogo wako,
Karani


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Salamu naiweka kwa heshima, si kwa furaha.

Kikao kilikuwa leo. Nilifika mapema, nikaweka nakala mbele ya kila kiti. Mkurugenzi akaingia, akainua ile yake kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

"Ni ombi la wapiga pasi, bosi."

"Nilikuambia u-table."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo hiyo. Iko mezani."

Dada, walicheka. Mkuu wa usafirishaji alivua miwani akafuta machozi. Mkurugenzi mwenyewe hakucheka. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kijana, mimi nimesomea Marekani. Kwa Kiingereza nilichosoma mimi, ku-table jambo ni kuliacha. Linakaa pembeni mpaka nilitake. Na sijalitaka." Kisha akasema tuendelee na bei ya sabuni. Nikakusanya nakala zangu moja moja, kuanzia kwake mpaka mlangoni.

Nje nilimkuta mhasibu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulimwandikia dada yako."

Sasa nikuulize wewe mwalimu. Lugha gani hii, neno moja linamkaribisha mtu na kumfukuza? Nilikuuliza maana, ukanipa nusu, ukaniambia nilale. Nimelala. Na wale wanawake wameacha mgomo wao kwa sababu ya nusu hiyo, tena nimewasomea kwa sauti, na Warumi ndani yake! Wakati natoka walikuwa wananingoja getini. "Vipi, karani, limezungumzwa?" Nikasema kikao kilikuwa kirefu. Kweli kilikuwa kirefu.

Niwaambie nini?

Mdogo wako,
Karani


5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama umeitupa hiyo shikamoo kama mtu anayetupa mfupa.

Nilipopata barua yako nilikwenda maktaba, kwenye kamusi ile nene isiyoazimwa. Ipo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: matumizi ya Marekani, kuahirisha jambo bila kutaja siku ya kulirudia. Asili ni ileile, karatasi kuwekwa juu ya meza ya kikao. Tofauti ni kinachofuata. Mwingereza akishaiweka anavuta kiti. Mmarekani akishaiweka anavaa kofia.

Miaka yote nimefundisha kitenzi hiki na sikuwahi kushuka mpaka maandishi madogo. Nilikupa nusu ya neno kwa sauti ya mtu mwenye neno zima. Samahani. Leo darasani nimewaambia wanafunzi, na mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, kwenye mtihani tuandike ipi?"

Nimekubali langu, sasa sikiliza lako. Hukuniambia mkurugenzi kasomea wapi. Hukuniambia kwamba kuna mgomo unategemea jibu langu. Uliniambia ni jambo dogo la kielimu! Wewe tangu utotoni unauliza swali huku umekalia nusu yake.

Kamusi haiwezi kushuka chumba cha pasi. Nenda wewe. Waambie neno lina maana mbili na ya mkurugenzi ni ile mbaya. Usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Kila siku unayongoja, kuna mkono wa mtu mbele ya rola zile.

Na kuna kitu hakinikai sawa. Unawaandika hao wapiga pasi kama mtu anayewaogopa kuliko anavyomwogopa mkurugenzi. Kuna nini?

Dada yako,
Mwalimu


10 Machi

Dada,

Shikamoo.

Bado sijawaambia.

Usinikaripie kwanza. Majaribio yangu yanaisha mwisho wa mwezi huu. Mhasibu ameniambia wazi kwamba mashine ikisimama, atakayeulizwa ni aliyebandika tangazo. Nimeshuka ngazi za chumba cha pasi na kupanda tena bila kufungua mlango. Mara moja nilifungua. Spika akasema, "Karibu, karani, umetuletea siku?" Nikajifanya nahesabu vikapu.

Nimebandika tangazo jipya: "Ombi la wapiga pasi linashughulikiwa." Hilo nalo ni neno la Kiswahili kabisa, Dada, na halina maana hata moja.

Umeniuliza kuna nini. Mama mdogo yuko pale.

Yuko kwenye mashine, upande wa kuingizia shuka. Ana miezi kadhaa sasa. Kazi za kushona zilikauka baada ya duka la nguo za mitumba kufunguliwa mkabala na nyumba. Cherehani imefunikwa kitambaa pale chumbani. Ndiye aliyesikia kwamba wanatafuta karani, akaniambia. Alinikataza nisikwambie, akasema, "Mwalimu akijua atakuja hapa na chaki yake kunipanga." Macho hayamsumbui. Alishindwa kukudanganya kwa mkono wake, akaniachia mimi.

Na wenzake walipotaka kugoma siku ile, yeye ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia, "Huyu karani nimemlea mimi. Akisema liko mezani, liko mezani."

Sasa unaelewa. Nikishuka pale sitakuwa namwambia Spika. Nitakuwa namwambia yeye.

Nimepanga kusema Jumatatu ijayo.

Mdogo wako,
Karani


17 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Mwandiko huu unaujua ni wa nani, lakini maneno ni yangu mimi, Mama yako mdogo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiongeze wala asipunguze. Ndiyo kazi ya karani.

Kwanza usije mbio. Mimi ni mzima.

Shuka ya hoteli ilijikunja pembe, nami nikaifuata kwa mkono kuinyoosha, kama nilivyofanya siku zote. Safari hii rola iliniona kabla sijaiona. Nikavuta ile kamba ya kusimamishia, ikakatika ikabaki mkononi kama mkia wa mjusi. Spika aliruka vikapu akazima umeme wa chumba kizima. Nimeungua vidole viwili na mgongo wa mkono wa kulia. Daktari anasema ngozi itarudi, kukunja ndiko kutakakochukua muda. Ndiyo maana natumia mkono wa kuazima.

Hapa mdogo wako ameacha kuandika. Nimemwambia aandike kwamba ameacha kuandika.

Tunaendelea. Ilikuwa Jumamosi. Nimekaa kwenye kiti, mkono uko kwenye ndoo ya maji, kina mama wamenizunguka. Huyu akaingia mbio, hana rangi usoni. Akaniangalia, akaangalia ndoo. Halafu akapanda juu ya kikapu cha shuka chafu, sijui kwa nini, maana sote tulikuwa tunamwona vizuri. Akasema, "Ombi lenu halikuzungumzwa. Neno la mkurugenzi lina maana mbili, mimi niliwapa ile tamu. Nimejua tangu siku ya kikao. Nimenyamaza kwa kuogopa kazi."

Spika akasema, "Kumbe ndiyo maana. Sisi tumekaa mezani tunangoja sahani, kumbe mpishi ameshakwenda kwao." Mwingine akasema apigwe. Mwingine akasema, "Apigwe na nani? Hebu mwone anavyotetemeka, atavunjika." Nikamwambia ashuke kwenye kikapu kabla hajaongeza majeruhi.

Mkurugenzi akashuka mwenyewe kuuliza kwa nini mashine imezimwa. Aliuliza kwa Kiingereza. Huyu akatutafsiria. Spika akamjibu huyu, lakini anamtazama mkurugenzi machoni. "Mwambie shuka zake tumezi-table. Kwa maana ile ya kwake."

Huyu alikuwa anajikakamua kutafuta maneno ya kumtafsiria, lakini hayakuhitajika. Shuka za mahoteli mawili zimelala mbichi juu ya meza za kukunjia, na hakuna mkono unaozigusa. Mpaka leo zimelala. Zimeanza kunuka.

Utaniuliza kama nimemsamehe mdogo wako. Hilo usiniulize kwa barua, maana anayejibu ni yeye.

Na wewe usiniandikie kuhusu cherehani. Nilifanya nilivyoona.

Mama yako mdogo


21 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii ni fupi kwa sababu nimezichana nyingine tatu.

Nilitaka kukulaani, nikakumbuka nani alikuambia ulale usingizi. Nilitaka kujilaumu mimi, nikakumbuka ulikuwa na barua yangu ya pili mkononi, iliyosema nenda, na hukwenda. Nikataka kumlaumu Mama mdogo kwa kunificha. Kila ninayemshika, ananiponyoka na sehemu ya kosa inabaki mkononi mwangu.

Nitakuja likizo ikianza. Mwambie siji na chaki. Kila jioni mkunjishe vidole taratibu kama daktari alivyosema, hata akikutukana. Na uniandikie kuhusu mashine: kinga imerudi au haijarudi. Nijibu hilo bila kulizunguka.

Dada yako


31 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kinga imerudi.

Hoteli moja ilituma lori lichukue shuka zake, likaondoka na shuka zinazonuka. Kesho yake fundi alikuja. Ameweka kinga mpya ya chuma mbele ya rola, na kamba mpya. Spika aliivuta yeye mwenyewe mbele ya mkurugenzi, mashine ikasimama. Akaiwasha, akaivuta tena. Mkurugenzi akasema inatosha. Spika akasema, "Ngoja, mkurugenzi, bado sijaamini," akaivuta mara ya tatu. Kina mama wamerudi kazini tangu jana. Hakuna aliyenipiga. Wanaojibu salamu yangu ni wachache, na sidai zaidi.

Vidole vya Mama mdogo vinakunja mpaka nusu. Namkunjisha kila jioni, na matusi nayapata kama ulivyosema. Sindano bado hawezi kuishika.

Leo asubuhi mhasibu aliniita. Alinipa karatasi yenye sentensi moja ya Kiingereza. Kiwanda kimeamua "to let you go". Nikaisoma neno kwa neno, kama ulivyonifundisha. Wananiruhusu niende. Nilisimama pale kama mjinga najaribu kukumbuka ni lini niliomba ruhusa. Safari hii niliuliza papo hapo. "Samahani, hapa mna maana gani?" Mhasibu hakucheka. Aliangalia chini, akasema, "Mwanangu, hilo halina maana mbili." Kwa hiyo usihangaike kunitafutia asili yake.

Nilirudi nyumbani saa ambayo si ya kurudi. Mama mdogo alikuwa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Akaona karatasi.

"Inasemaje?"

"Inasema wameniruhusu niende."

Akaitazama, ingawa Kiingereza hakisomi. Kisha akanisogezea ndoo kwa mguu.

"Basi nenda ukachote maji. Mkono huu haubebi."

Nikaenda.

Mdogo wako